Rejista za Shule za Bweni za Ziwani Zisiachwe Ziozee Stoo

Kwa miaka mingi, siku ambazo wanafunzi wapya wa sekondari huripoti shuleni, boti zinazotoka Takawiri kuelekea Mbita hubeba masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo mpya, na mzazi aliyeikumbatia bahasha ya barua ya mwito isilowe maji. Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kati ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay, Kenya. Watu wake wanaishi kwa samaki wa omena na mbuta, na kwa wageni wanaofuata mchanga wake mweupe. Mtoto wa huko akitaka shule kubwa ya bweni lazima avuke. Akifika bara, iwe Homa Bay, Migori, Kisii au mbali zaidi, karani hufungua daftari nene la jalada gumu na kuandika: namba ya uandikishaji, jina, jina la baba au mlezi, tarehe ya kuzaliwa, lokesheni, shule ya msingi aliyotoka, dini, tarehe ya kuingia. Safu ya mwisho huachwa wazi. Hujazwa siku anapoondoka, pamoja na sababu ya kuondoka.

Daftari hilo ndilo rejista ya uandikishaji, na ndilo ninalotaka tulizungumzie leo. Kwa sehemu kubwa, historia iliyoandikwa ya visiwa vyetu haiko visiwani. Iko katika kabati za ofisi za shule zilizoko ng'ambo ya maji, na shule nyingi hazijui kwamba zinatunza mali ya watu wengine.

Septemba 5, 2024, moto ulizuka usiku katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, na kuua wavulana 21. Miezi michache baadaye Wizara ya Elimu iliagiza sehemu za bweni za shule za msingi 348 zifungwe kwa kukosa kutimiza kanuni za usalama. Hatua hiyo ilistahili. Uhai wa mtoto hauwekwi kwenye mizani na kitu kingine. Lakini katika mjadala wote uliofuata, tulizungumza juu ya vitanda vilivyobanana, vyuma vya madirishani na milango isiyofunguka kwa nje. Sikusikia mtu akiuliza vitabu vya mabweni hayo vitakwenda wapi. Bweni likifungwa, vitanda huuzwa na godoro hurudi nyumbani na mwenyewe. Rejista ya bweni, kitabu cha jikoni, orodha ya viranja na faili za wanafunzi hubaki bila mwenyewe.

Kuna sababu ya msingi inayonifanya niweke rejista mbele ya kila karatasi nyingine. Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika nchini Kenya ulianza mwaka 1963, Nairobi na Nyeri, kisha ukaenea kwa awamu hadi kufikia nchi nzima mwaka 1971. Mtu aliyezaliwa Takawiri au Mfangano kabla ya hapo alijulikana umri wake kwa matukio: nzige, njaa, gharika, kufariki kwa mzee fulani. Mara nyingi mwaka wake wa kuzaliwa uliandikwa kwa tarakimu kwa mara ya kwanza pale alipofika shuleni, na aliyeuandika alikuwa mwalimu aliyemtazama kimo, akauliza maswali mawili matatu, kisha akakadiria. Makadirio hayo ndiyo yaliyoingia kwenye kitambulisho. Kutoka kwenye kitambulisho yakaingia kwenye barua ya kuajiriwa, na kutoka hapo yakaamua siku ya kustaafu.

Ndiyo maana tofauti ya herufi moja au mwaka mmoja inapotokea kati ya kitambulisho na faili ya pensheni, afisa humwambia mzee arudi shule aliyosoma. Vivyo hivyo kwa kijana aliyepoteza vyeti, kwa mjane anayethibitisha kwamba marehemu mumewe ndiye huyo huyo mwenye majina mawili katika hati ya shamba, na kwa familia inayogombania urithi. Barua ya mwalimu mkuu inayonukuu namba ya uandikishaji ina uzito katika ofisi za serikali kwa sababu kuna kitabu nyuma yake. Kitabu kikipotea, barua hiyo inakuwa neno tupu, na mzee aliyevuka ziwa na kupanda matatu mbili anarudi mikono mitupu.

Kazi nyingine ya rejista ilionekana wazi baada ya Novemba 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Dunia ilitaka kumjua baba yake, aliyezaliwa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo. Waandishi wa wasifu walimiminika Nyanza. Hadithi za jamaa zilikuwa nyingi na nyingine zilipingana. Hata mwaka wake wa kuzaliwa una utata, wengine wakisema 1934 na wengine 1936. Mahali walipopata nanga ni Maseno, shule ya bweni iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906, ambako kijana huyo aliingia mwaka 1950. Shule ilikuwa na kumbukumbu za uandikishaji wake na maoni ya walimu juu yake. Hakuna aliyeyatunza makaratasi hayo akijua kwamba siku moja yangehitajika. Yalitunzwa kwa sababu kulikuwa na mazoea ya kutunza, na rejista ile ile iliyolibeba jina lake ina majina ya vijana wengine wengi ambao hakuna mwandishi aliyewafuata bado.

Hebu tumtazame pia mwanasiasa Tom Mboya. Kaburi lake liko Rusinga, safari fupi kwa boti kutoka Takawiri, na kila Mkenya anajua siku aliyouawa, Julai 5, 1969. Lakini nyayo zake za ujana ziko mbali na kisiwa: St. Mary's Yala, Holy Ghost College Mang'u, na Jeanes School kule Kabete alikosomea kazi ya ukaguzi wa afya. Anayetaka kumwandika Mboya mwanafunzi, mvulana ambaye ukosefu wa karo ulimkatizia masomo Mang'u, hana budi kuzungukia shule tatu katika pembe tofauti za nchi. Hali iko hivyo kwa mtoto yeyote wa kisiwani aliyesomea bara, isipokuwa kwamba watoto wengine hawana mnara wala jumba la makumbusho linalowashikia nafasi.

Benjamin Kipkorir alipoandika tasnifu yake ya Cambridge, iliyokamilika mwaka 1969, juu ya Alliance High School na chimbuko la wasomi wa Kenya, alionyesha jinsi shule moja ya bweni inavyoweza kueleza nchi nzima: nani alitoka wapi, nani alilipiwa na nani, nani alifukuzwa, nani akawa waziri. Huwezi kuandika kitabu cha namna hiyo kwa kumbukumbu za kichwani peke yake. Nyanza Kusini ina shule zinazostahili kitabu cha aina hiyo, tena zaidi ya moja.

Elimu ya kisasa ilifika huku mapema. Novemba 1906, Arthur Carscallen, mmisionari wa Waadventista aliyetoka Kanada, alifika Gendia akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya sasa. Miaka michache baadaye Gendia ilikuwa na mashine ya kupigia chapa, na kazi ya kuchapa vitabu imeendelea hapo kwa vizazi. Waadventista wakafika Kamagambo, upande wa Migori wa leo, na Wakatoliki wa shirika la Mill Hill wakajenga Asumbi. Vituo hivyo vilizaa shule za bweni, vyuo vya ualimu, na kizazi cha kwanza cha makarani, wauguzi, wachungaji na walimu wa visiwani na wa bara.

Vilevile karatasi zilianza kupotea mapema. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, wakapigana na Waingereza, na katika vurugu zilizofuata vituo vya misheni vya eneo hilo viliporwa. Kilichoandikwa katika miaka ile ya mwanzo kiliponea mahali pengine zaidi kuliko hapa, kwa sababu mmisionari alikuwa na desturi ya kutuma barua na taarifa makao makuu. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta mwanzo wa Maseno atasoma nyaraka za CMS katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Karatasi za Mill Hill nazo ziko Uingereza, na za Waadventista ziko Maryland, Marekani. Taarifa hizo ni muhimu, lakini ziliandikwa na mkubwa kwa ajili ya mkubwa mwenzake. Zinataja idadi ya waliobatizwa na gharama ya paa. Wanafunzi hutajwa wanapogoma, kama walivyogoma Maseno mwaka 1908 wakitaka wafundishwe kusoma badala ya kushindia jembe. Majina yao, vijiji vyao na karo waliyolipa vilikuwa katika madaftari yaliyobaki shuleni.

Mwaka 1968 Sheria ya Elimu ilizihamishia kwa serikali shule zilizokuwa za makanisa, na kanisa likabaki kuwa mfadhili. Hapo mkondo wa karatasi ulikatika. Mafaili ya kabla ya mwaka huo yalihesabiwa kuwa ya misheni, ya baadaye yakawa ya wizara, na yaliyokuwa katikati yakakosa msemaji. Utawala nao umebadilika mara kwa mara. Wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, makao yake Kisii, iligeuka Nyanza Kusini. Baada ya Kisii kujitenga makao yakawa Homa Bay. Miaka ya 1990 ikagawanywa tena, zikazaliwa Migori, Suba na nyingine. Mwaka 2013 zikaja kaunti. Kwa hiyo leo mtu anayetafuta habari za visiwa vya Suba za miaka ya 1920 katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi haulizi Homa Bay. Anaagiza majalada yenye alama ya DC/KSI, yaani ya mkuu wa wilaya wa Kisii. Asiyeambiwa hilo atarudi akisema kisiwa chake hakina historia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo rejista za zamani pekee ndizo zinaweza kulionyesha. Wenyeji wa visiwa hivi wengi ni Abasuba, na Olusuba ni lugha ya Kibantu ambayo imezidiwa na Dholuo, lugha ya Wajaluo, kiasi cha kuwekwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Shule na makanisa ya misheni yalifundisha na kuhubiri kwa Dholuo, na hayo yameandikwa na wanahistoria na wanaisimu. Ila mabadiliko yenyewe, familia kwa familia, yamo katika safu ya majina: babu mwenye jina la Kisuba, mwana mwenye jina la Kijaluo, mjukuu mwenye jina la ubatizo mbele. Mwanaisimu akipewa rejista za miaka 60 mfululizo za shule moja iliyopokea watoto wa Mfangano na Takawiri, atakuwa na ushahidi ambao hakuna mahojiano yanayoweza kuupata sasa.

Sasa tuingie stoo. Hali ya rejista za zamani katika shule nyingi za bweni nchini si siri kwa mtu aliyewahi kufundisha au kusoma huko. Kitabu kikijaa hutolewa ofisini kwa sababu ofisi ni ndogo. Hupelekwa stoo, kikawekwa sakafuni pamoja na jezi chakavu, mabaki ya rangi na viti vilivyovunjika mguu. Chini kuna mchwa, juu kuna popo, na paa linavuja upande mmoja. Mwalimu mkuu huhamishwa, mpya anakuja, anataka stoo isafishwe ili iwe maabara au chumba cha kompyuta. Kwa nia njema kabisa anaagiza takataka zichomwe. Nyingine huishia mikononi mwa mchuuzi, na karatasi yenye majina ya kidato cha pili cha mwaka fulani inafungiwa njugu.

Ziwa nalo lina hesabu yake. Mvua kubwa za mwaka 1961, ambazo watu walikuja kuziita mvua za Uhuru, zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mei 2020 maji yalipanda tena na kuvuka kiwango kile cha 1964, yakafunika fuo, nyumba, vyoo na maeneo ya shule zilizo kando ya maji. Hata pasipo mafuriko, hewa ya ziwani ina unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu huota juu ya karatasi, na pini za chuma hutoa kutu inayokula ukurasa mpaka ukatoboka.

Moto ndio unaotajwa zaidi, na kwa haki. Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya 100 nchini zilikumbwa na moto, na Itierio kule Kisii ilipoteza mabweni 7 kwa usiku mmoja. Moto wa bweni mara nyingi haufiki ofisini. Unapofika, hakuna nakala mahali pengine. Ndiyo maana siamini hoja kwamba kufuli kubwa na kabati la chuma vinatosha.

Wapo wanaosema tatizo limekwisha kwa sababu tangu 2017 wanafunzi walianza kupewa namba katika NEMIS, mfumo wa kidijitali wa Wizara ya Elimu. Mfumo huo unawahusu waliopo shuleni tangu ulipoanza. Haumjui aliyemaliza mwaka 1974. Na hata kwa waliomo, unahifadhi kile wizara inachohitaji kwa kugawa fedha; hauhifadhi bweni alilolala, nafasi aliyoishika katika timu ya mpira wala barua ambayo mama yake aliiandika kuomba muda wa kulipa karo.

Kazi ya kuokoa rejista haihitaji mamilioni. Inaanza na chumba. Kichaguliwe kimoja kisichopakana na jiko, maabara wala bomba la maji, chenye madirisha mawili yanayopitisha hewa na yenye wavu wa kuzuia popo na wadudu. Rafu ziwe za chuma, ya chini kabisa iwe imeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, na zisigusane na ukuta. Vitabu vikubwa vilazwe, visisimamishwe, kwa sababu uzito wa kurasa huvunja mgongo wa jalada. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini, kitabu kikiwa kimefungwa. Pini na klipu zitolewe taratibu, na kurasa zilizolegea zifungwe kwa utepe wa pamba.

Kuna mambo mawili yanayofanywa kwa upendo na ambayo yanaharibu zaidi ya mchwa. La kwanza ni selotepu: gundi yake hugeuka njano, hupenya kwenye wino, na baada ya miaka utepe unatoka na maandishi yake. La pili ni kutia karatasi za zamani laminesheni. Joto na plastiki vinashikamana na karatasi moja kwa moja, na hakuna fundi atakayeweza kuitoa tena bila kuiumiza. Ukurasa uliochanika uwekwe tu ndani ya bahasha safi, ukae hivyo.

Kikilowa kitabu, kuna kama saa 48 kabla ya ukungu kuanza. Kisianikwe juani na kisipigwe pasi. Kiwekwe kivulini penye upepo, kurasa zitenganishwe kwa karatasi nyeupe zisizo na maandishi, zibadilishwe kila zikilowa. Wino wa kalamu za zamani huyeyuka, kwa hiyo ukurasa usifutwe kwa kitambaa.

Baada ya hapo ni picha. Simu nzuri inatosha, mradi isishikwe mkononi. Ifungwe juu ya meza ikitazama chini, karibu na dirisha lenye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Mmoja anafunua, mwingine anapiga. Picha ya kwanza iwe ya jalada, na kila ukurasa upigwe hata kama ni mtupu, ili anayesoma baadaye asidhani kuna kilichofichwa. Kwa mwendo wa ukurasa mmoja kwa dakika, rejista ya kurasa 300 inakwisha kwa saa 5. Faili zipewe majina yanayoeleweka: shule, aina ya kitabu, miaka, namba ya ukurasa. Halafu nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje kabisa ya shule. Shule ikiungua leo, majina yawe yamelala salama Kisumu au Nairobi.

Niseme wazi kwamba picha si mbadala wa kitabu. Rangi ya wino, kalamu iliyobadilika, ukurasa uliochanwa na jina lililofutwa kisha likaandikwa upya ni ushahidi ambao mahakama na mwanahistoria huutaka. Shule itakayopiga picha kisha ikatupa vitabu itakuwa imefanya nusu ya kazi na kuharibu nusu nyingine.

Katika kuokoa, tusiishie kwenye rejista. Vitabu vya jikoni vinaonyesha magunia ya mahindi, maharagwe na omena yaliyonunuliwa kila muhula na bei zake. Huko kuna historia ya njaa na ya soko la ziwa. Kuna jarida la shule lililochapwa kwa saiklostaili, programu za michezo ya kuigiza, ratiba, picha za timu zenye majina yaliyoandikwa nyuma kwa penseli. Na insha za wanafunzi. Mwaka 1887 A. C. Madan, aliyekuja kutunga kamusi za Kiswahili, alichapisha London kitabu cha masimulizi ya wavulana wa Kiungani, shule ya bweni ya misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Zanzibar. Wengi wao walikuwa wameokolewa kutoka majahazi ya watumwa, na walisimulia walikotekwa, walivyouzwa, walivyopita. Leo ni miongoni mwa shuhuda adimu za watoto wa Kiafrika juu ya biashara hiyo, na zilitokana na kazi ya darasani. Sijui ni insha ngapi juu ya gharika ya 1964 au mazishi ya Mboya zilizosahihishwa kwa wino mwekundu huku Nyanza Kusini kisha zikatumiwa kuwashia moto jikoni.

Hapa linaingia suala zito la faragha, na nadhani ndilo linalowafanya baadhi ya walimu wakuu waogope kufungua kabati. Shule ya bweni ilikuwa mzazi wa miezi tisa ya mwaka. Makaratasi yake yana mambo ambayo nyumbani hayangeandikwa: vitabu vya adhabu vilivyoorodhesha viboko, ambavyo vilipigwa marufuku mwaka 2001, kadi za zahanati, orodha za waliofukuzwa kwa mgomo, barua za wazazi waliodhalilika kwa kukosa karo. Kuna safu zinazoeleza kwa neno moja kwamba msichana ameondoka kwa sababu ya mimba. Kabla ya sera ya 1994 iliyowaruhusu wasichana warudi shuleni baada ya kujifungua, neno hilo lilikuwa mwisho wa masomo yake. Wengi wa wanawake hao wako hai na wana wajukuu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haina mzaha. Septemba 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo rejista zisirushwe mitandaoni, na kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani si mahali pa kuziweka. Mafaili yenye siri yafungwe kwa kipindi kirefu kinachoandikwa juu ya sanduku, na mwenye jina aruhusiwe kuona ukurasa wake anapouhitaji. Lakini kuficha kuna mipaka. Kuchoma kitabu cha viboko kwa sababu kinaaibisha shule ni kumdhulumu aliyechapwa mara ya pili. Safu ya mimba nayo ibaki, kwa sababu siku moja mtafiti ataihesabu na kutuambia ni wasichana wangapi wa visiwani tuliowapoteza, na hakuna hotuba itakayoweza kulipinga jibu hilo.

Nani afanye kazi hii? Sheria ya nyaraka za umma, Sura ya 19, imempa mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa mamlaka ya kukagua kumbukumbu za umma, kushauri namna ya kuzitunza, na kuamua zipi zihifadhiwe milele na zipi ziharibiwe. Idara hiyo ina kituo Kisumu. Shule yoyote ya umma ya Homa Bay au Migori inaweza kuwaandikia kabla haijasafisha stoo, na ingefaa serikali za kaunti zilipie usafiri wa wataalamu hao, kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na darasa moja jipya. Maktaba ya Uingereza kwa upande wake inaendesha tangu 2004 mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, unaotoa ruzuku ya kupiga picha nyaraka za zamani huku vitabu vyenyewe vikibaki katika nchi vilikotoka. Makanisa nayo yana deni. Kama taarifa za wamisionari wa Asumbi, Gendia na Kamagambo zinasomeka Uingereza na Marekani, mfadhili wa shule anaweza kuomba nakala zake zirudi kukaa katika shule zilikoanzia.

Siyo kila mtu atavuka kwenda Kisumu, kwa hiyo nakala za kurasa zinazohusu visiwa zinapaswa kurudi visiwani. Mfangano tayari ina jumba la makumbusho ya amani la jamii ya Abasuba, linalotunza michoro ya miambani na urithi wa wenyeji. Orodha ya watoto wa Takawiri, Rusinga na Mfangano waliosoma bweni kabla ya Uhuru ingepata makao mema hapo, chini ya masharti yale yale ya faragha.

Wakati wenyewe ni huu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 unafikia kikomo: watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wamepangiwa kuufanya mwaka 2027. Shule za sekondari zinageuzwa kuwa shule za upili za juu, na rejista zote zilizofunguliwa tangu wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walipoingia kidato cha kwanza mwaka 1986 zitafungwa na kuondolewa mezani. Zikienda stoo zilikokwenda za zamani, tutakuwa tumepoteza miaka zaidi ya 40 kwa mkupuo.

Mwenyekiti wa bodi ya shule, kabla ya muhula huu kuisha omba uonyeshwe rejista ya kwanza kabisa ya shule yako. Ukiletewa, agiza ipigwe picha na ipewe chumba. Usipoletewa, uliza ilionekana mara ya mwisho mwaka gani na nani alikuwa na ufunguo, uandike jibu katika kumbukumbu za kikao. Nawe uliyesoma huko, kama una jarida la shule, picha ya darasa au ripoti ya muhula iliyotiwa sahihi na mwalimu ambaye sasa ni marehemu, usiitupe unapohama nyumba. Andika majina nyuma ya picha hiyo leo, kisha uipelekee shule nakala.